Kufundisha Upishi kwa Kuuliza "Kina Kazi Gani?": Mfano wa Kesadiya Isiyo na Nafaka

Utangulizi

Somo la upishi katika shule za msingi mara nyingi huendeshwa kwa njia moja tu. Mwalimu huandika ubaoni orodha ya mahitaji, chini yake huandika hatua za kupika, wanafunzi hunakili, na kengele hulia. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo huwa na daftari lililojaa, lakini siku anapokosa kitu kimoja katika orodha, mikono yake husimama. Hakufundishwa kwa nini kitu hicho kiliwekwa. Kwa hiyo hawezi kujua ni kitu gani kingeweza kushika nafasi yake.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi njia nyingine: kukichambua chakula kwa kuuliza kazi ya kila kiungo, kisha kukijenga upya. Mfano tulioutumia umechaguliwa makusudi kutoka mbali. Ni sandwichi mashuhuri ya Marekani iitwayo Reuben, inayogeuzwa kuwa kesadiya isiyo na nafaka yoyote. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, tukiuliza kazi ya unga katika ugali, wanafunzi hujibu kwa mazoea. Tukiuliza juu ya chakula wasichokijua, hulazimika kufikiri. Pili, unga unaoyawezesha mageuzi haya ni unga wa muhogo, ambao watoto wengi wa Afrika ya Mashariki wanaujua vizuri kuliko wapishi wa New York. Tatu, na hili ndilo kubwa, wako watu ambao kwao suala la nafaka si suala la mapenzi ya ulimi bali ni la afya. Mwalimu anayefundisha upishi hana budi kujua namna ya kuwapikia watu hao pasipo kuwadhuru.

Vyakula viwili vilivyozaa kimoja

Katika miji mikubwa ya Marekani kuna maduka yanayoitwa deli, jina lililofupishwa kutoka neno la Kijerumani lenye maana ya vyakula vitamu na adimu. Maduka hayo yaliletwa na wahamiaji kutoka Ulaya, na yale ya Wayahudi wa New York yamepata sifa kubwa. Mojawapo, Katz's, lilianzishwa mwaka 1888. Humo huuzwa nyama zilizohifadhiwa kwa chumvi, achari za matango, na mikate ya rai. Rai ni nafaka iliyo jamaa ya ngano, inayostahimili baridi kali, na mkate wake ni mweusi na mzito kuliko mkate wa ngano.

Sandwichi ya Reuben ina vitu vitano: mkate wa rai, nyama ya ng'ombe ya chumvi, jibini la Uswisi, kabichi iliyochachushwa, na rojo jekundu la nyanya na mayai ambalo Wamarekani huliita rojo la Kirusi. Sandwichi hiyo hukaangwa mpaka jibini liyeyuke. Chanzo chake kina mabishano. Watu wa Omaha, katika jimbo la Nebraska, husema ilibuniwa katika miaka ya 1920 na mfanyabiashara Reuben Kulakofsky, aliyekuwa akicheza karata na wenzake katika Hoteli ya Blackstone. Watu wa New York huipa sifa hiyo deli ya Arnold Reuben. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mwaka 1956 sandwichi hiyo ilishinda katika mashindano ya sandwichi ya nchi nzima, na tangu hapo ikaenea kila mahali. Ingawa ni chakula cha deli, Myahudi anayeshika sheria za dini yake haili, kwa kuwa sheria hizo hukataza kuchanganya nyama na maziwa.

Kesadiya ni chakula cha Meksiko. Jina lake linatokana na neno la Kihispania lenye maana ya jibini. Ni tortiya, yaani mkate mwembamba wa bapa ufananao na chapati, iliyokunjwa juu ya jibini na kuokwa kikaangoni. Wenyeji wa Meksiko walikuwa na tortiya za mahindi karne nyingi kabla ya Wahispania kufika. Wahispania ndio walioleta ng'ombe, jibini na ngano katika karne ya 16. Hivyo kesadiya yenyewe ni mtoto wa ndoa ya mabara mawili.

Mwalimu azingatie kwamba historia hii si pambo. Inawaonyesha wanafunzi kwamba vyakula havikushuka vikiwa kamili. Vilibadilishwa na watu waliokosa kitu fulani au waliopata kitu kipya. Muhogo wetu wenyewe uliletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16. Anayebadilisha chakula kwa kufikiri haharibu desturi; anafanya lile ambalo wapishi wamelifanya siku zote.

Nafaka, mbegu na gluteni

Kabla ya kuingia darasani, mwalimu apambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Nafaka ni mbegu za mimea ya jamii ya nyasi: ngano, rai, shayiri, mahindi, mpunga, mtama, uwele na ulezi. Gluteni ni protini iliyomo katika baadhi yake tu, yaani ngano, rai na shayiri. Ndiyo inayofanya donge la ngano linyumbulike na kuvutika kama mpira. Kwa hiyo chakula kisicho na gluteni chaweza kuwa na mahindi au mchele, lakini chakula kisicho na nafaka hakina hata hivyo. Kila chakula kilichopikwa kwa usafi bila nafaka hakina gluteni. Si kila chakula kisicho na gluteni kinakosa nafaka.

Majina nayo hudanganya. Nyama ya chumvi ya Wamarekani hubeba katika Kiingereza neno ambalo leo watu wengi hulitumia kwa mahindi. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya punje yoyote, na hapa linazitaja punje kubwa za chumvi zilizotumika kuihifadhi nyama. Hamna mahindi ndani yake. Kwa upande mwingine, siki huonekana haina uhusiano na nafaka, kumbe siki ya kimea hutengenezwa kwa shayiri. Kisibiti, kiungo kinachotiwa katika mkate wa rai, hufanana na punje za nafaka kwa macho, lakini ni cha jamii ya karoti na bizari. Wanafunzi wafundishwe kuuliza mmea, wala wasiridhike na jina.

Kuna ugonjwa uitwao seliaki. Mwenye ugonjwa huo akila gluteni, kinga ya mwili wake hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Chakula hakifyonzwi vema, na mtoto hukonda, huharisha, hupungukiwa damu na kudumaa. Aliyetusaidia kuujua chanzo chake ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa amekwisha kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, njaa ilipoikumba Uholanzi na mkate ukaadimika, watoto wenye ugonjwa huo hawakuzidiwa kama wengine, bali walipata nafuu. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi. Dicke alieleza utafiti wake katika tasnifu ya mwaka 1950. Hadi leo tiba yake ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta nao watoto wa Kisahrawi wa Afrika ya Kaskazini kwa kiasi cha 5.6 katika kila 100, kiwango kikubwa sana.

Hapa pana tahadhari mbili kwa mwalimu. Ya kwanza: asiwaambie wanafunzi kwamba nafaka ni mbaya. Kwa watu walio wengi nafaka ni chakula bora, na mtoto asirudi nyumbani kuudharau ugali wa mama yake. Ya pili: mwalimu si tabibu. Akimwona mtoto mwenye dalili, kazi yake ni kuwashauri wazazi wampeleke hospitali, si kumkataza vyakula kwa amri yake mwenyewe.

Kuuliza kazi ya kila kiungo

Sasa tuingie katika njia yenyewe. Mwalimu achore sandwichi ubaoni, tabaka baada ya tabaka, kisha aulize. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Mkate huu una kazi gani?
Mwanafunzi: Kushibisha, mwalimu.
Mwalimu: Vema. Je, nikikupa nyama, jibini na kabichi mkononi bila mkate?
Mwanafunzi: Vitamwagika.
Mwalimu: Kwa hiyo mkate una kazi gani nyingine?
Mwanafunzi: Kubeba.
Mwalimu: Na rojo likichuruzika?
Mwanafunzi: Mkate unalinyonya.

Mwalimu asikimbilie kusahihisha. Jibu la "kushibisha" ni sahihi, ila halijatosha. Swali la pili ndilo linalolipanua. Baada ya dakika chache darasa litakuwa limejenga orodha kama hii:

1. Mkate wa rai: kubeba, kunyonya majimaji, kushibisha, na kutoa harufu ya kisibiti.
2. Nyama ya chumvi: kutia protini na ladha ya chumvi.
3. Jibini: kutia protini na mafuta, na kugandisha tabaka zishikamane.
4. Kabichi chachu: kukata ukali wa mafuta kwa uchachu wake, na kutia ubichi unaosikika menoni.
5. Rojo: kulainisha, na kutia utamu na ukali kidogo.

Orodha hiyo ikishakamilika, mwalimu afute neno "mkate wa rai" lakini aziache kazi zake ubaoni. Kisha aulize: "Ni kitu gani kisicho nafaka kinachoweza kufanya kazi hizi nne?" Hapo ndipo somo lilipo. Watoto watataja viazi, ndizi, muhogo, majani ya kabichi, chapati ya mayai. Kila pendekezo lipimwe kwa kazi zilizoandikwa. Jani la kabichi linabeba lakini halinyonyi wala halishibishi. Chapati ya mayai inabeba na kushibisha lakini hainyonyi sana. Tortiya ya unga wa muhogo inabeba, inanyonya na kushibisha. Imepungukiwa harufu tu, nayo hurudishwa kwa kutia kisibiti katika donge. Wanafunzi wataona kwamba uamuzi haukutoka kwa mwalimu. Umetoka katika hoja.

Tofauti kati ya donge la ngano na la muhogo

Wanafunzi waliozoea kusukuma chapati watatazamia donge la muhogo livutike. Halivutiki, kwa kuwa halina gluteni. Kinacholishikamanisha ni wanga. Chembe za wanga wa muhogo zikikutana na maji ya moto, kiasi cha nyuzi 60 hadi 70 za sentigredi, hunywa maji, huvimba na kunata. Ndiyo sababu unga wa muhogo ukikandwa kwa maji baridi hupasuka pasuka, na ukikandwa kwa maji ya moto sana hulainika na kukunjika. Jambo hili lionyeshwe kwa vitendo: vijiko vitatu vya unga katika bakuli mbili, moja maji baridi, nyingine maji yaliyotoka kuchemka. Jaribio hilo la dakika tano linafundisha zaidi ya ukurasa mzima wa maelezo.

Usalama wa muhogo

Katika sehemu hii mwalimu asifanye haraka. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali inayoweza kutoa sumu ya sayanidi. Kumenya, kuloweka siku tatu au zaidi, kuanika mpaka ukauke kabisa, kisha kutwanga na kuchekecha, ni hatua ambazo wazee wetu walizigundua kwa gharama kubwa. Hatua hizo zikifupizwa, madhara huja.

Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafula na usio na tiba ya kuirudisha katika hali yake, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 katika nchi ya Kongo. Ulionekana pia wilayani Tarime, Tanzania, mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipokula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo kwa sababu ya njaa. Huwapata hasa watoto na akina mama wanaokula muhogo mchungu kwa wingi pasipo vyakula vya protini, kwa maana mwili huhitaji salfa iliyomo katika protini ili kuiondoa sumu. Mwezi wa Septemba 2017, wilayani Kasese nchini Uganda, watu 98 waliugua na 2 kati yao kufa baada ya kula unga wa muhogo wenye sumu hiyo.

Kwa hiyo mwalimu afuate kanuni hizi:

(a) Atumie unga uliotokana na muhogo mtamu, au uliolowekwa na kukaushwa vema, na unaotoka kwa mtu au kiwanda anachokifahamu. Kipimo cha kimataifa ni kwamba unga usizidi miligramu 10 za sayanidi katika kilo moja.
(b) Asidhani kwamba moto wa kikaango utaondoa sumu. Joto huua kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo ili sumu itoke hewani, na kemikali yenyewe hubaki katika chakula.
(c) Akiwa na mashaka, aache kuutumia unga huo. Kwa familia zisizo na unga mwingine iko njia ya kulowanisha iliyoenezwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia: unga hutiwa maji, hutandazwa tabaka nyembamba juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, ili gesi itoke, kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Njia hii huongeza usalama wa unga uliokwisha kuandaliwa. Haichukui nafasi ya kuloweka na kuanika.

Nyama na jibini katika kesadiya hii zina kazi zaidi ya utamu. Muhogo una protini kidogo mno, na kijazo ndicho kinacholijaza pengo hilo.

Andalio la somo

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Idadi: vikundi vya wanafunzi wanane.

Madhumuni: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze (i) kutaja kazi ya kila kiungo katika chakula kimoja, (ii) kupambanua nafaka na vyakula visivyo nafaka, (iii) kutengeneza kesadiya isiyo na nafaka kwa usafi, (iv) kupendekeza kibadala kimoja na kukitolea sababu.

Mahitaji ya kila kikundi (kesadiya 8):
- Unga wa muhogo, vikombe 1½ (karibu gramu 210)
- Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 3
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Kisibiti, kijiko 1 cha chai
- Maji ya moto sana, karibu kikombe 1
- Jibini linaloyeyuka, gramu 240, likwaruzwe
- Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, gramu 240, ikatwe vipande vyembamba
- Kabichi chachu, kikombe 1, ikamuliwe
- Rojo, vijiko vikubwa 3

Maandalizi ya kabla ya somo. Mambo mawili huanza siku nyingi nyuma, hivyo yaandikwe katika azimio la kazi.

Kabichi chachu: Kata nyembamba kilo 1 ya kabichi, tia gramu 20 za chumvi, sugua kwa mikono safi mpaka itoe maji. Shindilia katika chombo cha kioo au cha udongo, kabichi ifunikwe na maji yake yenyewe, weka kitu kizito juu na kitambaa safi. Bakteria walioko katika majani hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo huzuia kuoza. Ulaya, kwenye baridi, kazi hii huchukua majuma matatu au zaidi. Penye joto, juma moja laweza kutosha. Harufu iwe ya uchachu safi. Ikiota ukungu au kunuka uozo, itupwe yote. Wanafunzi waonje kila siku mbili na kuandika mabadiliko; hilo ni somo la sayansi tosha. Waelezwe pia kwamba nahodha James Cook alibeba kabichi ya namna hii katika safari yake ya 1768 hadi 1771 ili mabaharia wasipatwe na kiseyeye.

Nyama: Deli huloweka kidari cha ng'ombe katika maji ya chumvi kwa siku kadhaa, penye baridi. Shule isiyo na jokofu isijaribu jambo hilo. Badala yake kidari kichemshwe asubuhi ya siku ya somo, kwa moto mdogo kiasi cha saa tatu, pamoja na chumvi, pilipili manga, giligilani, karafuu mbili na kitunguu saumu. Nyama ya kopo pia yafaa, ila karatasi ya kopo isomwe kwanza, kwa kuwa nyingine hutiwa unga. Nyama iwe ambayo watoto wote darasani wanaruhusiwa na dini zao kuila.

Rojo: Rojo la deli hutengenezwa kwa mayai mabichi, yasiyofaa kwa darasa. Tumia maziwa ya mgando yaliyochujwa kwa kitambaa, changanya na nyanya iliyopikwa ikawa nzito, kitunguu kilichokatwa vidogo, na chumvi. Kazi zake, yaani kulainisha na kutia utamu na ukali, hubaki zile zile.

Hatua za somo

Utangulizi (dakika 10): Mchoro wa sandwichi na maswali ya kazi.

Maarifa mapya (dakika 20): Nafaka na gluteni, kutafuta kibadala, jaribio la maji baridi na maji ya moto.

Vitendo (dakika 35):

1. Osha mikono, meza na vyombo vyote kwa sabuni. Eleza sababu: kibao kilichosukumiwa chapati za ngano jana kinaweza kubeba unga wa kutosha kumdhuru mgonjwa leo. Kibao cha mti chenye nyufa kisitumike.
2. Changanya unga, chumvi na kisibiti. Tia mafuta, usugue.
3. Mimina maji ya moto kidogo kidogo ukikoroga kwa mwiko. Joto likipungua, kanda kwa mkono. Unga hutofautiana katika kunywa maji. Simama donge linapokuwa laini bila kunata vidoleni. Funika, liache dakika tano.
4. Gawanya madonge manane. Weka donge kati ya vipande viwili vya jani la mgomba lililobabuliwa motoni na kufutwa, au kati ya karatasi safi za nailoni, kisha sukuma mpaka lifikie upana wa sentimita 15. Usinyunyize unga wa ngano.
5. Oka kwenye kikaango kikavu kilichopata moto, karibu dakika moja kila upande. Zilizoiva zifungwe katika kitambaa; mvuke wake huzilainisha.
6. Tandaza jibini juu ya nusu ya tortiya, kisha nyama, kabichi, rojo kidogo, na jibini tena juu. Kunja.
7. Oka kwa moto mdogo, dakika mbili kila upande, mpaka jibini liyeyuke na ganda lipate madoa ya kahawia. Subiri dakika moja kabla ya kukata.

Hatua ya 6 ina swali ndani yake: kwa nini jibini liwekwe mara mbili, chini na juu? Mwalimu asilijibu. Kikundi kimoja kiweke jibini chini tu, kingine pande zote mbili, kisha walinganishe. Wataona kwamba jibini ndilo gundi, na gundi inayogusa upande mmoja haifungi pande mbili.

Hitimisho (dakika 15): Kuonja, kulinganisha kazi za vikundi, kusafisha.

Shule isiyomudu gharama ya jibini kwa vikundi vyote inaweza kufanya onyesho moja la mwalimu, na vikundi vikatengeneza tortiya tu kwa kijazo cha maharage au mayai. Njia ya kuuliza haitapotea, maana maharage nayo yataulizwa kazi yake.

Matatizo yanayotazamiwa

Tortiya ikipasuka wakati wa kukunjwa, maji yalipoa au hayakutosha. Ikiwa ngumu kama ngozi, imekaa motoni mno. Kesadiya ikilowa, kabichi haikukamuliwa. Ikiungua nje na jibini likabaki gumu ndani, moto ulikuwa mkali. Mwalimu ayapokee matatizo hayo kwa furaha, kwa kuwa kila moja linaturudisha kwenye swali letu: ni kiungo gani hakikufanya kazi yake, na kwa nini?

Tatizo lililo zito zaidi ni la kufundisha. Ikiwa darasani yumo mtoto asiyeweza kula ngano, asifanywe kielelezo mbele ya wenzake. Siku hiyo wote wanakula chakula kimoja kutoka kikaango kimoja, na mtoto huyo, ambaye labda huketi pembeni wakati wa maandazi, anakula pamoja nao bila maelezo yoyote. Hilo litatimia tu ikiwa hatua ya kwanza ya usafi imefuatwa kwa uaminifu. Ulegevu wa mwalimu mahali hapo hugeuza chakula cha upendo kuwa chakula cha maradhi.

Tathmini

Mtihani wa somo hili usiwe wa kukariri kipimo cha chumvi. Mpe mwanafunzi chakula kingine anachokijua, mathalani sambusa, na umwambie: "Mgeni wako hali ngano. Taja kazi za manda ya sambusa, kisha pendekeza kitu kitakachozifanya, na ueleze ni kazi gani itakayopungua." Maksi zitolewe kwa hoja. Mwanafunzi anayesema kibadala chake hakitakauka vizuri kama manda ya ngano, lakini kitabeba nyama bila kupasuka, ameelewa. Anayetaja kibadala bila sababu amebahatisha.

Maswali ya kujipima kwa mwalimu mwanafunzi

1. Eleza tofauti kati ya chakula kisicho na nafaka na chakula kisicho na gluteni. Toa mifano miwili ya kila kimoja.
2. Kwa nini donge la muhogo hukandwa kwa maji ya moto, ilhali la ngano laweza kukandwa kwa maji baridi?
3. Mzazi anakuletea unga wa muhogo kwa ajili ya somo. Andika maswali manne utakayomwuliza kabla ya kuukubali.
4. Chagua chakula kimoja cha nyumbani kwenu. Andika kazi ya kila kiungo, kisha ondoa kimoja na utafute kibadala chake.
5. Andaa mazungumzo ya dakika tano baina ya mwalimu na wanafunzi ambamo jibu la kwanza la mwanafunzi ni sahihi lakini halijatosha. Onyesha swali litakalolipanua bila kumvunja moyo.